Shujaa Bila Mtambaji: Mwanariadha Mwenye Ulemavu katika Masimulizi ya Michezo, Tukitazama kutoka Voi

Utangulizi

Voi ni mji uliozaliwa na njia. Reli ya kutoka Mombasa iliupitia mwishoni mwa karne ya 19. Tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na tangu mwaka wa 2017 treni za reli mpya nazo husimama pale. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita kando yake, na nyingine yaelekea Mwatate, Taveta na mpaka wa Tanzania. Mahali kama hapo habari hufika upesi. Gazeti lililochapishwa Nairobi husomwa Voi siku hiyo hiyo, na redio za Kiswahili na za Kidawida husikika madukani na garini. Lakini njia hiyo ya habari, tofauti na ile ya reli, kwa kawaida ni ya upande mmoja. Yanayotendeka Nairobi na London hufika Voi. Yanayotendeka Voi, Kasigau, Sagalla au Wundanyi hayaendi mbali, isipokuwa tembo wameingia mashambani au mwanasiasa amezuru.

Anayeketi penye kituo cha mabasi cha Voi jioni ya Jumamosi atawasikia vijana wakibishana juu ya kandanda ya Uingereza kwa ujuzi wa kustaajabisha. Wanawajua wachezaji wa akiba, wanajua nani ameumia goti na nani anauzwa. Akiwauliza Henry Kirwa ni nani, haitakuwa ajabu wakimtazama tu. Na hali Kirwa ni Mkenya aliyeshinda medali 3 za dhahabu katika Michezo ya Paralimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, katika mbio za mita 1,500 na 5,000 za kundi la T13 na za mita 10,000 za kundi la T12, yaani makundi ya wenye uoni hafifu.

Makala hii inakusudia kulichunguza pengo hilo kwa zana za uhakiki wa fasihi. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la vyombo vya habari na michezo liletwe katika jarida la fasihi. Jibu letu ni kwamba kupuuzwa kwa mwanariadha mwenye ulemavu kuna sura mbili. Ya kwanza ni kutotajwa. Hiyo inaweza kupimwa kwa rula, kwa kuhesabu safu za gazeti na dakika za redio. Ya pili ni kutajwa ndani ya kisa ambacho si chake. Hiyo haipimiki kwa rula. Ni suala la muundo wa masimulizi, la uteuzi wa maneno na la nafasi ya mhusika, mambo ambayo ni kazi yetu ya kila siku. Tunadai kwamba sura hii ya pili ndiyo inayoilea ile ya kwanza: mtu ambaye kisa chake hakijui pa kuanzia wala pa kuishia, si ajabu kisa hicho kisisimuliwe.

Utangazaji wa michezo kama utanzu wa masimulizi

Kwa muda mrefu idara zetu zimefundisha ngano, visasili, tendi na vitendawili na kuuacha nje ya darasa utanzu wa masimulizi ya mdomo unaosikilizwa na watu wengi zaidi Afrika Mashariki, yaani utangazaji wa michezo redioni. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili waliolelewa na sauti ya hayati Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, wanajua kwamba mtangazaji hodari ni mtambaji. Ana hadhira, ana fomula zake, ana mahali pa kuharakisha na mahali pa kuvuta sauti, na huwafanya wasiokuwapo uwanjani waone. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka wa 1957 kuhusu visasili vya maisha ya kisasa, aliyasoma mashindano ya baiskeli ya Ufaransa kama utendi, ambamo majina ya waendeshaji na majina ya milima yote hugeuka kuwa wahusika. Kama mlima wa Ufaransa unaweza kuwa mhusika, sioni kwa nini mteremko wa Wundanyi usiweze.

Ukiutazama utangazaji huo kwa jicho la Vladimir Propp, aliyechambua ngano za Kirusi mwaka wa 1928, utaona kwamba kisa cha mashindano kina umbo sahili sana. Kuna upungufu mwanzoni: kikombe hakina mwenyewe, medali haijavaliwa. Kuna mashujaa kadhaa wanaoutafuta ushindi uo huo. Kuna vikwazo, kuna hila, kuna msaada, na mwishoni upungufu huondolewa kwa mmoja kuvishwa na wengine kurudi mikono mitupu. Jambo muhimu ni hili: upungufu umo katika ulimwengu wa kisa. Haumo katika mwili wa shujaa.

Sasa tuangalie kinachotokea mwanariadha mwenye ulemavu anapoingia katika ukurasa wa gazeti. Upungufu unahamishwa. Unatolewa kwenye medali na kupachikwa mwilini mwake. Kisa hakianzi pale mlio wa kuanzia mbio unaposikika. Huanza hospitalini, au kwenye ajali, au siku macho yalipofifia. Kwa kuwa upungufu wa namna hii hauwezi kuondolewa na mbio, mwandishi hujikuta na kisa kisichofungika, naye hukifunga kwa nguvu: medali inafanywa kuwa dawa. Msomaji anaachwa akiamini kwamba aliyeshinda amepona, na kwamba aliyeshindwa, basi, amebaki na ugonjwa wake. David Mitchell na Sharon Snyder, katika kazi yao ya mwaka wa 2000, wameonyesha jinsi fasihi ya Magharibi ilivyoutumia ulemavu kama gongo la kuegemea masimulizi. Hatuna haja ya kwenda mbali kuuona ukweli wa hoja hiyo. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), riwaya ambayo wanafunzi wengi wa shule za upili nchini Kenya waliitahiniwa, Mwalimu Majisifu anawaonea haya watoto wake wenye ulemavu. Mwandishi anamlaani baba huyo, na anastahili kulaaniwa. Hata hivyo, watoto wenyewe kwa kiasi kikubwa wamo riwayani ili sisi tumpime baba yao. Wao ni mizani. Hawawekwi kwenye mizani.

Neno na ngeli

Wahakiki wengi wamelianza suala hili kwa msamiati, na wana haki. Kiswahili cha zamani kiliwaweka wengi wa watu hawa katika umbo la KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Imedaiwa mara nyingi kwamba ngeli hii, ambayo ni ya vitu, inawashusha hadhi. Hoja hiyo ina mvuto lakini imeharakishwa. Ngeli hiyo hiyo imewabeba kijana, kinyozi, kiumbe na kiongozi, na hakuna anayesema kwamba kiongozi ametukanwa na sarufi. Tena upatanisho wa kisarufi huwarudisha wote katika utu: twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika.

Tunaona kwamba tatizo halisi limo katika neno moja miongoni mwa hayo. Kilema ni dosari iliyomo mwilini, na kilema ni mtu mwenyewe. Neno moja limemezwa na lingine, sehemu imeitwa kwa jina la kitu kizima. Mabadiliko ya miongo ya karibuni, kutoka kilema hadi mlemavu, na kutoka mlemavu hadi mtu mwenye ulemavu, ni jitihada ya kuyatenganisha yale yaliyokuwa yameunganishwa. Neno mwenye linafanya kazi kubwa hapa, maana mtu akiwa na kitu, hawi kitu hicho. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imelifanya suala hili la kiisimu kuwa la kisheria: Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra katiba kuingia katika uteuzi wa maneno, na wahakiki wa lugha wangepaswa kulisherehekea jambo hilo.

Lakini marekebisho ya msamiati yana mpaka. Gazeti linaweza kutumia istilahi safi kabisa na bado likasimulia kisa kile kile cha zamani. Ushahidi umo katika kiunganishi kimoja ambacho msomaji wa kurasa za michezo amekwisha kukizoea: licha ya. Licha ya ulemavu wake, fulani ameshinda. Sentensi hii haina tusi. Hata hivyo, katika muundo wake, ulemavu umekalia kiti cha adui, na ushindi umekuwa jambo lisilotarajiwa. Wapinzani halisi, yaani wale waliokimbia naye, wamefutwa. Hatuambiwi nani alikuwa wa pili, wala kwa hatua ngapi.

Hatusemi kwamba hakuna kikwazo. Vikwazo vipo, na katika milima ya Taita vinaonekana kwa macho. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akiwa upande wa Wundanyi hahitaji mtaalamu wa nadharia kumweleza maana ya mteremko. Tunachosema ni kwamba kiunganishi hicho kimewekwa mahali pasipofaa. Licha ya kukosa uwanja unaofikika, licha ya kukosa nauli ya kiongozi wa kumkimbiza, licha ya shule kukosa mwalimu wa mchezo wake: hizo zingekuwa sentensi za kweli, na zingemwelekeza msomaji kwa wanaopaswa kujibu. Licha ya ulemavu wake hamwelekezi kwa yeyote. Inaufunga mjadala mahali ulipopaswa kuanzia.

Mifano mitatu

Ili hoja isielee hewani, tuichukue mifano mitatu ya Kenya iliyo wazi kwa kila mtu.

Mfano wa kwanza ni wa Rio de Janeiro, Septemba 2016. Katika fainali ya mita 1,500 ya kundi la T13, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa dakika 3 na sekunde 48.29. Kirwa wetu alikuwa wa tatu kwa dakika 3 na sekunde 49.59. Wakimbiaji wanne wa kwanza wote walikuwa na muda bora kuliko ule wa dakika 3 na sekunde 50.00 ambao Matthew Centrowitz wa Marekani alikuwa ameshindia dhahabu ya Olimpiki mwezi mmoja kabla. Habari hiyo ilizunguka ulimwengu mzima. Mtu angeweza kusema: hapo basi, vyombo vya habari havikupuuza. Lakini tuitazame ilivyosimuliwa. Ilikuwa habari kwa sababu moja tu, kwamba ilipimwa kwa kipimo cha wasio na ulemavu. Zaidi ya hayo, kipimo chenyewe kilikuwa legelege, kwani fainali ile ya Olimpiki ilikuwa mbio za kuviziana, na muda wake wa ushindi ulikuwa wa polepole kuliko yote tangu mwaka wa 1932. Mbio za Baka, Tamiru Demisse wa Ethiopia, Kirwa na Fouad Baka zilikuwa na hadithi yake: ndugu wawili wa Algeria, Mhabeshi katikati, na bingwa wa zamani kutoka Kenya akiitetea hadhi yake miaka 8 baada ya Beijing, nafasi ya kwanza na ya nne zikitenganishwa na muda usiotimia sekunde 2. Huo ni utendi uliokamilika. Hadhira iliupata kama takwimu ya kushangaza, ikasahau majina kabla ya wiki kwisha. Tunaita umbo hili kisa cha ajabu.

Mfano wa pili ni wa Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika upigaji makasia wa Paralimpiki, aliyeshindana katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Aliyesoma habari zake amesoma hasa kuhusu ajali ya treni iliyomkata miguu akiwa mtoto mdogo. Ni wachache waliosoma kwamba katika kundi lake, la PR1, mashua husukumwa kwa mikono na mabega pekee, na kwamba umbali ni mita 2,000. Mhusika wetu anafahamika kwa jambo alilotendwa utotoni, na hafahamiki kwa jambo analolitenda kwa hiari yake akiwa mtu mzima. Kisarufi, amebaki katika kauli ya kutendwa. Tunaita umbo hili kisa cha huruma.

Mfano wa tatu unatuonyesha kile ambacho kingewezekana. Mwaka wa 2000, mjini Sydney, Henry Wanyoike, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1995 akiwa na umri wa miaka 21, alikimbia mita 5,000 za kundi la T11. Katika kundi hilo mkimbiaji hufungwa kamba na kiongozi anayeona, na kanuni inamtaka mwanariadha auvuke mstari wa mwisho mbele ya kiongozi wake. Kiongozi wa Wanyoike aliishiwa nguvu karibu na mwisho. Yule asiyeona akamvuta yule anayeona hadi kwenye mstari, akatwaa dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, alishinda mita 5,000 na mita 10,000.

Mhakiki anayejali umbo hawezi kuipita picha hii. Kwanza, inaleta swali ambalo mtangazaji wa Kiswahili analazimika kulijibu kwa kila kitenzi: anakimbia au wanakimbia? Katika mbio za T11 nafsi ya tatu umoja na nafsi ya tatu wingi zinagombania mwili mmoja uliounganishwa na kamba. Mtangazaji anayelijua jambo hili ana utajiri mkononi. Anaweza kuanza na wanakimbia, akaligeuza neno kuwa anakimbia pale kiongozi anapolegea, na msikilizaji wa Voi, akiwa na redio tu, angeuona mgeuko huo kwa sikio. Pili, maneno kipofu na kiongozi, yaliyomo katika ngeli moja, yanabadilishana kazi mbele ya macho yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kisa hiki kinasimama chenyewe kama kisa cha mashindano. Shujaa ana lengo, ana kikwazo cha ghafla kilichotoka katika mbio zenyewe, ana uamuzi wa kufanya kwa sekunde chache. Hakihitaji hospitali.

Mapokeo yetu yangeweza kusaidia. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa alikitungia utenzi mwaka wa 1913, shujaa ana mwili usioshindika wenye sehemu moja ya siri, kitovu, na siri hiyo ikifichuka kisa kinaisha kwa kifo. Luanda Magere wa Waluo vilevile ana nguvu zisizo kifani na siri iliyomo kivulini mwake. Dosari ya shujaa wa utendi imefichwa, na kufichuliwa kwake ndiko mwisho. Mwanariadha mwenye ulemavu anaugeuza mpangilio huo. Kile ambacho mapokeo yangekificha hadi beti za mwisho, yeye anakuja nacho peupe tangu ubeti wa kwanza, na kisa kinaendelea. Ni shujaa mpya katika fasihi yetu, naye anahitaji mtambaji anayejua upya wake.

Pingamizi

Kuna pingamizi mbili ambazo lazima zijibiwe kwa haki.

Ya kwanza ni kwamba vyombo vya habari huripoti matukio, na mahali kama Taita Taveta matukio ya michezo ya watu wenye ulemavu ni machache. Pingamizi hii ina uzito. Kaunti ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya mwaka wa 2019, wametawanyika katika eneo kubwa ambalo zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo, na kumkusanya kila mwenye kipaji kutoka Taveta hadi Kasigau ni gharama. Sensa hiyo iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Mwandishi wa habari wa kaunti, anayelipwa kwa habari inayotumika, hawezi kulaumiwa peke yake. Lakini tukio si kitu kinachookotwa njiani kikiwa tayari. Tukio hufanywa kuwa tukio na anayelisimulia. Mtanange wa vijiji viwili katika uwanja wa vumbi ni tukio kwa sababu kuna lugha tayari ya kuusimulia. Kila mtoto anaijua. Mbio za wanafunzi wa shule maalumu hazina lugha hiyo, na kwa hivyo anayezishuhudia, hata akiwa na nia njema, hurudi na picha ya mgeni wa heshima akikabidhi zawadi.

Pingamizi ya pili ni kwamba hadhira haitaki. Hapa tunajibu kwamba hadhira haijapewa. Mwaka wa 2021 Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo ilirushwa bila malipo katika nchi na maeneo 49 ya Afrika kusini mwa Sahara, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kiwango hicho hapo awali. Kenya ilirudi na medali moja, ya shaba, aliyoipata Nancy Chelangat Koech katika mita 1,500 za T11. Na kutoka Paris mwaka wa 2024 ikarudi tena na moja, ya fedha, ya Samson Ojuka katika kuruka mbali kundi la T37. Picha zilikuwapo. Swali linalobaki ni la lugha: nani aliwaeleza watazamaji, kwa Kiswahili, T11 ni nini na T37 ni nini? Anayetazama kandanda amefundishwa sheria ya kuotea tangu utotoni. Anayetazama Paralimpiki bila kuelezwa makundi huona watu wakikimbia, hajui kwa nini huyu ameshindanishwa na yule, na asipojua kanuni hawezi kuwa na shauku. Atabaki na huruma, maana huruma haihitaji kanuni.

Yapo pia makosa ya aina nyingine ambayo hayahusiani na hadhira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003, iliyofuatwa na sheria mpya ya mwaka wa 2025, iliziagiza stesheni za televisheni ziweke lugha ya ishara katika taarifa za habari na katika vipindi vya matukio yenye umuhimu wa kitaifa. Mwanariadha kiziwi aliyerudi na medali ana haki ya kuifahamu habari inayomhusu mwenyewe. Pasipo mkalimani wa ishara, anakuwa mhusika wa kisa ambacho yeye peke yake, katika chumba kizima, hakisikii.

Dhima ya idara zetu

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kuwalaumu wanahabari. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba lawama hiyo ingekuwa nusu ya ukweli. Wanahabari wengi wa Kiswahili wamepitia madarasa yetu. Tuliwafundisha kuutambua utohozi na takriri, tukawatahini juu ya maudhui na wahusika, na hatukuwapa hata saa moja ya kujadili kisa cha michezo kinavyojengwa. Tumewasomesha proverbu za Kiswahili zinazohusu ulemavu kama mifano ya hekima, bila kuwauliza hekima hiyo imesimama wapi. Hujafa hujaumbika ni msemo mzuri. Unamwonya mwenye dharau. Lakini unamwonya kwa kumtisha kwamba naye anaweza kuwa hivyo. Msikilizaji anayelengwa ni yule asiye na ulemavu, na mwenye ulemavu amewekwa mbele yake kama onyo. Hata katika msemo wa kumtetea, yeye si hadhira. Huo ndio muundo ule ule wa gazeti, na ulikuwapo kabla ya magazeti.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja fedha za serikali. La kwanza, kozi za fasihi simulizi ziuingize utangazaji wa michezo kama utanzu kamili, na wanafunzi wafanye mazoezi ya kutangaza mbio za wenye ulemavu kwa kufuata kanuni zake. La pili, idara zisaidiane na wanamichezo wenyewe kusanifu istilahi za makundi na vifaa, ili mtangazaji wa redio ya Voi asilazimike kuzibuni hewani au kuziruka. La tatu, tasnifu za uzamili zinazochunguza vyombo vya habari zikome kuhesabu safu peke yake na ziulize: katika habari hii, nani ni kiima cha kitenzi? Swali hilo dogo linafichua mengi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwanariadha mwenye ulemavu anapuuzwa kwa kunyamaziwa na kwa kusimuliwa, na kwamba kisa cha huruma na kisa cha ajabu, ingawa kimoja hushusha na kingine hupandisha, vinakutana katika jambo moja: vyote viwili vinauondoa ushindani. Asiyeruhusiwa kushindwa vizuri, yaani kuwa wa tano katika mbio kali na kuelezwa ni wapi alikosea, bado hajakubaliwa kuwa mwanariadha. Kipimo cha haki katika ukurasa wa michezo kitakuwa siku tutakaposoma kwamba mkimbiaji fulani wa kundi la T46 alianza kwa kasi mno, akaishiwa pumzi mzunguko wa mwisho, na kocha wake hakufurahi.

Watu wa Taita wanalikumbuka jina la Mwangeka wa Malowa, aliyewapinga Waingereza katika miaka ya mwanzo ya 1890, kwa kuwa walikuwapo waliolitamba jina hilo kutoka kizazi hadi kizazi. Ushujaa wake ulikuwa wake; kumbukumbu yake ni kazi ya watambaji. Katika kaunti hiyo hiyo leo, kuna mtoto asiyeona vizuri anayekimbia kwenda shule asubuhi, na hajasikia kwamba Kirwa aliwahi kuwa mtoto kama yeye, wala kwamba ipo mbio ambayo kikundi chake kina jina. Hajui kwamba anaweza kushinda, na hajui pia kwamba anaweza kushindwa kwa heshima. Redio imo nyumbani kwao na inasikika. Kilichobaki ni mtu wa kuitambia habari hiyo.